Tochi ya kutazamia ndege usiku: ulizeni kwanza mwanga wake mdogo

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua. Mvua zikianza hapa Dodoma, Novemba kuelekea Desemba, kumbikumbi hutoka, na ndege wanaowinda wadudu usiku huwafuata. Virukanjia wahamiaji kutoka Ulaya nao huwa wameshafika. Ndipo wanafunzi wa vyuo, waongoza watalii na wapenda ndege wengine wanapoanza kuulizana wanunue tochi gani, na wengi huishia kuchukua ile yenye mwanga mkali kupita zote dukani. Hilo ni kosa, na ndege ndiye wa kwanza kuumia.

Tochi ya kazi hii huchaguliwa kwa mwanga wake mdogo. Muuzaji akiisifu kwamba inamulika hadi kilima cha pili, mwulize inashuka hadi wapi. Bundi ana macho makubwa yaliyoumbwa kukusanya mwanga hafifu wa nyota, na mboni zake hufunguka sana gizani. Akipigwa ghafla na mwanga mkali hupoteza uwezo wa kuona kwa muda, na akiruka katika hali hiyo anaweza kugonga tawi au waya wa umeme. Kirukanjia yeye mara nyingi hubaki pale pale chini, watu wakadhani ametulia na wakazidi kumsogelea. Hajatulia. Mwanga umemduwaza.

Kwenye boksi la tochi kuna namba mbili ambazo watu huzichanganya. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka mbele ya tochi, uende upande wowote. Kandela ni ukali wa mwanga wa katikati. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani: ukiuminya mdomo, maji ni yale yale ila yanaruka mbali. Tochi mbili zenye lumeni 500 zinaweza kutofautiana kabisa, moja ikawasha kichaka kizima kilicho mita 8 mbele yako, nyingine ikafikia kichuguu kilicho mita 150. Anayetafuta ndege mtini anahitaji kandela za kiasi na lumeni chache.

Umbali unaoandikwa kwenye boksi nao una maana yake. Kwa kipimo cha ANSI/FL1, kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, kinachotumiwa na watengenezaji tangu 2009, huo ni umbali ambao mwanga umebaki luksi 0.25 (luksi hupima mwanga unaokifikia kitu kinachomulikwa), karibu sawa na mwanga wa mwezi mpevu. Unatafuta kipeuo cha pili cha kandela, unazidisha kwa 2. Tochi ya kandela 10,000 hupata mita 200. Lakini kwa mwanga wa mbalamwezi, mita 200 humtambui ndege yeyote. Unaona umbo la mti tu.

Hesabu itakayokufaa porini ni nyingine: kandela gawanya kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe, unapata luksi zinazomfikia ndege. Kwa mtu mwenye darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, luksi 5 hadi 10 zinatosha kuona hata michirizi ya kifuani. Bundi akiwa juu ya mgunga mita 30 kutoka uliposimama, 30 mara 30 ni 900, basi unahitaji kandela 4,500 hadi 9,000. Akiwa mita 10, 10 mara 10 ni 100, na kandela 500 hadi 1,000 zinamaliza kazi. Sasa mwelekezee huyo wa mita 10 moja ya zile tochi za kurusha mbali zenye kandela 200,000. Unammwagia luksi 2,000 usoni. Hakuna ndege wa usiku anayestahili kufanyiwa hivyo, na wewe mwenyewe utaona weupe mtupu, bila alama hata moja ya kumtambulisha.

Kwa hiyo tafuteni tochi yenye ngazi nne. Ya chini kabisa isizidi lumeni 5, kwa kusoma kitabu na kuandika. Inayofuata iwe lumeni 15 hadi 30, kwa kutembea njiani. Ya tatu 80 hadi 150, na hiyo ndiyo utakayoitumia zaidi kwa ndege. Ya juu 400 hadi 500, kwa mti mrefu au mbuyu ulio ng'ambo ya korongo. Kandela kwenye ngazi ya juu zikiwa kati ya 8,000 na 15,000, umepata. Iwe inawaka kwa kuanzia ngazi ya chini, au iwe inakumbuka ngazi uliyoiacha, mradi usishtukizwe na mwanga mkubwa kila unapobonyeza.

Tochi nyingi za bei nafuu zina mpangilio mmoja: mkubwa, wa kati, kupepesa. Ukitaka kuzima lazima upitie kwenye kupepesa. Hiyo iacheni dukani hata ikiwa nzuri kwa mengine yote. Mwanga unaopepesa mbele ya bundi unamfukuza, na mara nyingi hataonekana tena pale usiku huo.

Kuhusu rangi ya mwanga, hapa wanunuzi wengi hawaangalii kabisa, na kumbe ndipo utambuzi wa ndege unapofaulu au kukwama. Taa za LED za kawaida hutoa mwanga wa kelvini 6,500 (kelvini hupima rangi ya mwanga), mweupe unaoelekea bluu. Mwanga huo hufifisha kahawia na wekundu wa kutu, na kwa kirukanjia rangi hizo ndizo kila kitu: kama ana ukosi wa rangi ya kutu shingoni au hana, kama mgongo ni wa kijivu au wa mchanga. Chagueni kelvini 4,000 hadi 5,000. Halafu tazameni herufi CRI au Ra kwenye boksi, yaani kipimo cha uhalisia wa rangi. LED za kawaida ni 70 hivi. Ukipata 90 na zaidi, chukua hiyo hata kama lumeni zake ni pungufu.

Mfano ulio wazi ni wa bundi wakubwa. Bubo lacteus, mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika, ana macho meusi na kope za rangi ya waridi. Bubo africanus, anayependa miamba kama hii inayotuzunguka, ni mdogo wake na ana macho ya njano. Chini ya mwanga wa bluu kope za waridi huonekana za kijivu, na unabaki kubishana na mwenzako kuhusu urefu wa ndege aliye juu ya tawi usiku, jambo ambalo halina jibu.

Dukani, jaribio ni rahisi. Mulika kiganja chako. Kikionekana cha rangi ya nyama kama kilivyo mchana, sawa. Kikionekana cha majivu, rudisha. Kisha mulika ukuta mweupe ukiwa umbali wa mita moja au mbili: katikati kuwe na duara linalofifia taratibu kuelekea pembeni, bila shimo jeusi katikati na bila pete ya bluu au kijani. Ule mwanga hafifu wa pembeni una kazi kubwa, tutaufikia. Mwisho, elekeza kamera ya simu kwenye mwanga ukiwa ngazi ya chini. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, ujue mwanga unakatikakatika kwa kasi, na utachosha macho kwenye darubini.

Zile tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma hatuzipendekezi. Ukizivuta hadi mwisho zinatoa mraba mkali wenye giza pande zote, na ndege akisogea nusu mita umempoteza. Mwanga mwingi unabaki ndani ya kichwa chenyewe, na kila ukivuta, vumbi la Dodoma linaingia nyuma ya lenzi.

Swali la mwanga mwekundu huulizwa kila mara. Mwekundu unakusaidia wewe. Jicho la mtu huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na mwanga mwekundu hafifu hauharibu mazoea hayo unaposoma ramani au kuandika. Lakini si kweli kwamba ndege hawauoni. Ndege kwa ujumla wanaona rangi nyekundu vizuri. Faida yake ni kwamba kwa kawaida huwa hafifu, basi huwashtua kidogo. Na kumbukeni kwamba chini ya mwekundu hakuna macho ya njano wala ukosi wa kutu, kila kitu ni kivuli cha rangi moja. Utumieni kumtafuta ndege na kumtazama anavyokaa, halafu mwanga wa rangi halisi kwa sekunde chache za kumtambua. Tochi isiyo na mwekundu inaweza kufungwa nailoni nyekundu angavu ya kufungia zawadi, tabaka mbili, kwa mpira wa pesa. Msiiache ikiwa ngazi ya juu, nailoni itayeyuka na kugandia kioo.

Betri ndizo zinazoharibu safari nyingi. Tochi nzuri siku hizi hutumia betri ya lithiamu iitwayo 18650, maana yake kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Betri halisi ya aina hiyo hubeba kati ya 2,500 na 3,600 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobeba, na uzito wake ni gramu 45 hadi 50. Ile iliyoandikwa 9,900 mAh ni ya uongo, na ukiiweka kwenye mizani mara nyingi utaikuta nyepesi waziwazi. Zipo pia 21700, nene zaidi, za 4,000 hadi 5,000 mAh. Fanyeni hesabu moja na hamtadanganywa tena na boksi: 18650 ya 3,000 mAh kwa volti 3.6 ina wati-saa 10.8, yaani inaweza kutoa wati 1 kwa saa 10.8. LED nzuri hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati. Kwa hiyo lumeni 100 zitakupa takriban saa 10, na lumeni 500 saa 2. Tochi ya betri moja inayodai lumeni 20,000 ingehitaji wati 200, ingemaliza betri katika dakika 3 na kukuunguza mkono. Haiwezekani.

Hata tochi za kweli zina mipaka. Ukiiacha kwenye lumeni 1,000, mwili unapata joto na tochi hujipunguza yenyewe baada ya dakika chache. Si ubovu, ni kinga. Ila mnunuzi aliyelipia lumeni 1,000 ajue kwamba muda mwingi atatumia 400, na kwa ndege hizo zinatosha na kubaki.

Chagueni tochi ambayo betri inatoka. Iliyofungiwa betri ndani kwa gundi itakuwa takataka betri ikichoka, na fundi wa simu hataweza kuifungua bila kuvunja. Betri ya akiba ikae kwenye kiboksi chake cha plastiki, isichanganywe mfukoni na funguo au sarafu. Chuma kikigusa ncha zote mbili, betri hutoa umeme wake wote kwa mpigo, hupata moto na inaweza kulipuka. Msiiache kwenye dashibodi ya gari mchana. Mkiiweka miezi mingi bila kutumia, iwe na chaji nusu, si kamili wala tupu.

Kwa wanaokwenda Kondoa vijijini au Bahi ambako kuchaji ni shida, tochi ya mawe madogo mawili aina ya AA bado ni chaguo zuri. Inatoa lumeni 100 hadi 150, na mawe yapo karibu kila duka la kijiji. Chukueni ya alkalaini. Yale ya bei ya chini kabisa huishiwa nguvu haraka, yakivuja hula springi. Yatoeni tochi inapokaa bila kazi.

Vumbi letu linahitaji sentensi zake. Tafuteni alama ya IP; tarakimu ya kwanza ikiwa 6 vumbi haliingii, ya pili ikiwa 7 inavumilia mita 1 ya maji kwa dakika 30. Alama IPX7 haisemi lolote kuhusu vumbi, ile X ina maana hapakupimwa. Nyuzi za kifuniko zikianza kukwaruza, zifuteni kwa kitambaa kikavu na kupaka grisi kidogo ya silikoni. Mafuta ya kujipaka hulegeza baadhi ya mipira. Mwanga ukicheza ukiitikisa tochi, mara tisa kati ya kumi ni uchafu kwenye ncha za betri au nyuzi: pamba na spiriti vinatosha. Tochi yenye swichi ya kielektroniki hula betri kidogokidogo hata ikiwa imezimwa, hivyo legezeni kifuniko cha nyuma nusu mzunguko.

Sasa matumizi. Macho ya virukanjia yana tabaka nyuma linalorudisha mwanga, na hung'aa kama kaa la moto wa mbali. Mwanga huo hurudi kulekule ulikotoka, kwa hiyo ukishika tochi kiunoni huoni kitu. Ishike kando ya sikio, ngazi ya lumeni 30 hadi 100, na pitisha mwanga polepole juu ya barabara ya vumbi, kingo za shamba na mapande ya mawe. Nukta ndogo za kijani kibichi kwenye nyasi ni buibui. Mbili za rangi ya chungwa zinazorukaruka mtini ni komba. Chekehukwa naye hung'aa, ila yuko juu ya miguu mirefu na hutembea. Macho ya bundi hurudisha mwanga hafifu zaidi, na mara nyingi utampata kwa sikio kabla ya tochi.

Ukishamwona, badilisha. Shusha tochi mbali na uso, sentimita 30 chini au pembeni ya darubini, ili vumbi na wadudu walio mbele ya pua yako wasigeuke ukungu mweupe. Hii ndiyo sababu tochi ya kichwani haifai kwa kutazama: mwanga unapita mbele ya darubini, na kumbikumbi wote wanakuja usoni. Ni nzuri kwa miguu tu, ikivaliwa kiunoni au shingoni. Na miguu inahitaji mwanga wake, kwa maana kifutu hupenda kulala kwenye njia yenye joto jioni.

Usimulike ndege moja kwa moja. Washa tochi ikiwa imeelekea chini, panda taratibu kwenye shina, na simamisha duara la katikati chini ya miguu yake ili ule mwanga hafifu wa pembeni ndio umfikie. Kwa bundi wa mita 10 hadi 15 unatosha kabisa. Sekunde 10, kisha zima, mweleze mwenzako ulichoona, na kama kuna haja rudia mara moja. Kikundi cha watu watano kiwe na tochi moja inayomulika. Kwenye kiota au kwa makinda tochi isiwashwe kamwe, na ndege wa mchana waliolala waachwe walale.

Usiku wa mwezi mkubwa hamhitaji tochi kwa sehemu kubwa. Virukanjia huimba na kuwinda zaidi kwenye mbalamwezi. Darubini ya 8x42 yenye mdomo wa mwanga (upana wa mwanga unaotoka kuelekea jichoni, yaani 42 gawanya kwa 8) wa milimita 5.25 itawaonyesha mengi. Ile ndogo ya 10x25 ina milimita 2.5 tu, na usiku ni giza tupu hata ukiwa na tochi nzuri.

Kwa waendesha magari na bodaboda kwenye barabara za vumbi za kuelekea Hombolo na kwingineko: yale makaa mawili barabarani ni kirukanjia. Punguzeni mwendo na mshushe taa, atapata sekunde za kuona njia na kuruka.

Kuna upande wa watu pia. Katika mitaa na vijiji vyetu bundi bado anahusishwa na uchawi na msiba, na kikundi kinachomulika miti saa nne usiku kinaweza kudhaniwa ni wezi, wachawi au majangili. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aarifiwe mchana, mkitaja njia mtakayopita na saa ya kurudi. Mwanga usielekezwe kwenye nyumba wala zizi la mifugo. Kandokando ya bwawa la Mtera msitembee usiku kabisa, kwani kuna viboko na mamba. Ndani ya hifadhi hakuna kuingia usiku bila kibali na askari wa wanyamapori.

Tuna ombi kwa wauza tochi wa Majengo, Machinga Complex na kwingineko mjini: tengeni kona yenye giza, hata iwe chini ya meza iliyofunikwa khanga, mteja ajaribu ngazi zote kabla ya kulipa. Na kwa Shirika la Viwango Tanzania, tunaomba boksi za tochi zitazamwe kwa jicho lile lile linalotazama nondo na saruji. Lumeni 20,000 kwa betri moja ziondolewe madukani, na waagizaji watakiwe kuandika kandela, kelvini na ngazi ya chini kabisa kwa Kiswahili.

Watazamaji ndege,
Dodoma